Tangazo Nililomwandikia Mtani Wangu

Aliyenisomesha kazi ya matangazo ni simu. Chuo kilinipa cheti, mama akakitia kwenye fremu akakitundika sebuleni, na huko sebuleni ndiko kilikofanya kazi yake yote. Nilirudi Tabora nikakaa nyumbani, mtu mzima natumwa chumvi dukani. Ndipo nikaangukia kwenye video za kijana mmoja wa Dar es Salaam, kofia kichwani, kelele nyingi, anafundisha watu kuandika maneno ya kuuzia. Bure kabisa, ukiwa na bando.

Mwanzoni alikuwa ananikera, sitaki kusema uongo. Kujiamini kule! Anapiga meza, anafoka: "Sentensi ya kwanza, jamani! Mtu anapita na kidole chake, mshike kidole!" Nilikuwa namsonya peke yangu jikoni huku naandika anachosema. Baadaye nikaacha kumsonya, maana nilijaribu kwa njia yangu nikaona matokeo. Tangazo langu la kwanza lilikuwa la karanga za mama. Niliandika: "Karibuni wateja wetu wapendwa mjipatie karanga bora na safi kwa bei nafuu." Aliyelipenda ni dada yangu peke yake, tena nilimpigia simu kumwomba.

Shule ya pili ilikuwa ya Jumamosi. Kuna kikundi cha wanawake wenye biashara ndogo pale mtaa wa Ng'ambo, tunakutana nyuma ya duka la vitenge la mwenyekiti wetu, kila mtu na kiti chake. Utaratibu ni kwamba unasimama, unasema unachouza, halafu wenzako wanakukatiza. Hakuna kupigiana makofi. Ukisema sabuni yako inang'arisha, mtu anakuuliza mbona gauni lako limefifia. Mle ndani nilijifunza kitu ambacho kijana wa kofia hakukisema hata mara moja: watu wa mji huu hawanunui kwa sababu umewaambia kitu ni kizuri. Wananunua kwa sababu wamemsikia mtu wanayemjua akikizungumzia, iwe kwa kusifu, iwe kwa kuponda. Ukipondwa na mtu anayependwa, kesho unauza.

Na mle ndani ndimo alimokuwa mtani wangu.

Ni mama wa rika la mama yangu, kampita kidogo, mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, akiitwa anakwenda na masufuria yake na mwiko mrefu wa mninga uliochongwa na marehemu mumewe. Wazee wake walikuja na misafara kutoka pwani wakabaki hapa, na yeye mwenyewe hajakaa Uzaramo hata mwezi mmoja. Kinyamwezi anakiongea kunishinda mimi. Lakini Mzaramo ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, na mambo hayo yalishapangwa na waliotembea njia ile kabla yetu: tunatukanana. Si ruhusa tu, ni wajibu. Mtani hakasiriki. Mtani haombwi radhi. Akifiwa, unamwendea msibani unamwigiza marehemu anavyotembea na anavyokohoa, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao.

Sikuwahi kumwamkia. Nikifika namwambia, "Bado tu unapumua? Na sisi kaburi tumeshachimba." Naye anajibu, "Mpagazi umekuja? Shusha mzigo, usiutupe njiani ukakimbia kama babu yako." Nikikohoa anasema afadhali nife upesi, kitenge changu akikate matambara ya kushikia sufuria. Siku niliyokosa kazi ya benki, niliyoingoja kwa miezi, watu wote walinipa pole. Yeye akasema benki imeponyeka, ningeingia mimi wangekuta ghala tupu. Nilicheka mpaka nikapata nguvu ya kula.

Biashara yake ilikuwa inalegea. Vijana wa siku hizi wanatafuta mpishi humohumo kwenye simu wanamotafutia na wachumba. Jumamosi moja akasimama akasema, "Na mimi niandikiwe hilo tangazo. Ila isiwe kama la karanga." Kikundi kizima kikaangua kicheko, nikamrudishia tusi, akanirudishia, ikawa zogo. Mwenyekiti akagonga meza. "Mnavyotukanana hivyo ninyi wawili, ndilo tangazo lenyewe," akasema. "Rekodini watu waone."

Nilimfuata Ijumaa moja asubuhi, anapika pilau ya shughuli ya jirani. Uani kumejaa moshi wa kuni. Macho yake mekundu, yamekuwa mekundu tangu nimjue, kwa miaka yote aliyoinamia mafiga. Mimi nilikuwa nimeandika maneno yangu nikayafuta, nikaandika tena, mpaka sentensi ya kwanza ikakaa sawasawa. Nikamsomea. Alicheka akajishikiza kwenye mwiko. "Sema hivyohivyo," akaniambia. "Nani atakuamini wewe?"

Nikamwelekezea simu usoni, nikasema kwa sauti ya huzuni: "Ndugu zangu wa Tabora, huyu mama ni mchawi. Msije mkala chakula chake." Yeye akainua kichwa taratibu kutoka kwenye mvuke, akaikodolea simu bila kupepesa. Nikaendelea: "Mimi nimekula pilau yake harusini, mpaka leo ugali wa nyumbani haupiti. Mchumba wangu hanitamani tena, anatamani ukoko." Naye akajibu, "Wewe nimekuloga bure, mpagazi. Wengine waje na mchele wao." Tukacheka wote wawili hadi simu ikatikisika mkononi, nikaipandisha video mtandaoni, na namba yake nikaiweka chini yake.

Ng'ambo nzima iliipata. Simu ya mtani ikawa haikai kimya, wengine wanaagiza, wengine wanapiga tu kumwuliza dawa gani anatia. Sokoni muuza nyanya akaanza kuniita mpagazi. Jumamosi nikasimamishwa mbele nieleze nimefanyaje, nami nikaeleza, narusha mikono kama yule kijana wa kofia. Wee, nilijiona! Nilitamka "saikolojia ya mteja" mbele ya wanawake walioanza kuuza kabla sijazaliwa, na wakanisikiliza.

Sijui nani aliikata. Mtu fulani, mahali fulani, alichukua ile sentensi ya kwanza na ule uso unaotoka kwenye mvuke, akatupa mengine yote. Kicheko hakuna, ukoko hakuna, namba hakuna. Kipande kile kikaanza kutembea kwenye makundi ya simu ambayo hayamjui yeye wala mimi. Nilipata habari kwa mama mdogo, anayelima huko Usinge. Alinipigia, hata salamu hakunipa.

"Huyo mchawi mliyemkamata huko Tabora," akaniuliza, "mmemfanya nini?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba yule ni mtani wangu, mpishi, tulikuwa tunatania. "Sawa," akasema. "Lakini macho yake yale, mwanangu."

Hapa nisimsingizie mtu. Mimi ni wa hukuhuku. Najua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anavyotazamwa katika vijiji vyetu, najua yaliyowapata baadhi yao, na najua kwamba macho hayo wameyapata kwa kutupikia sisi. Nimejua tangu mtoto. Nilijua hata nilipokuwa naiandika ile sentensi, na ndiyo sababu niliiona ina nguvu. Kijana wa kofia angenisifu, angesema nimewafahamu watu wangu.

Na baada ya simu ile ya Usinge sikuifuta video yangu. Haya, nimesema. Nilijiambia waliokata ni wengine, yangu ina kicheko chake, yangu ni safi. Lakini ukweli ni kwamba wafuasi walikuwa wanaongezeka kwa sababu ya kile kipande. Watu wanakiona, wanakuja kumtafuta aliyekianzisha. Tena duka moja la samani lilikuwa limenitafuta kwa video hiyohiyo, linataka niwe mwandishi wao wa matangazo. Niliogopa nikiifuta waone sina kitu. Nikasema nitaifuta Jumamosi, na Jumamosi ikapita. Nilikuwa naamka, kabla hata ya kunawa uso, naangalia wameongezeka kiasi gani.

Halafu na hasira zangu hizi. Nilikwenda kwenye kile kipande nikaingia kwenye komenti, nikaanza kugombana na watu nisiowajua. Mmoja kaandika eti ungo wake anauficha wapi. Mwingine anauliza mtaa. Mwingine, Mungu amsamehe, anasema wazee kama hao kwao hawafiki uzee huo. Nikawatukana wote, mmoja baada ya mwingine, na si matusi ya kitani. Kumbe kila ninavyowajibu ndivyo kinavyozidi kupanda na kusambaa. Somo hilo nilikuwa nimefundishwa wiki ya kwanza kabisa, kwamba ugomvi husukuma tangazo kuliko sifa. Nililisahau siku niliyolihitaji.

Kwanza ilikuwa harusi moja upande wa Kipalapala. Familia ya wakulima, walishakubaliana na mtani kila kitu. Wakaja watu wazima wawili, mume na mke, kwa adabu zao, na kuku mkononi. "Mama, sisi tunakufahamu," wakamwambia. "Ila wageni wetu wanatoka Ulyankulu na kwingine mbali, na wameona kitu kwenye simu. Hatutaki maneno siku ya mtoto." Kuku wakamwachia. Yeye aliponihadithia aligeuza kuwa utani. "Umenitangaza vizuri, mpagazi. Sasa nalipwa kuku ili nisipike." Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka, kwa sababu mtani akisema unacheka, na kwa sababu nisingecheka ningelazimika kusema neno lingine.

Kisha ikaja hitima pale Ng'ambo, na mimi nilikuwepo, nasaidia kupakua. Majirani walikula kama siku zote, wakagombea ukoko. Lakini walikuwepo jamaa wa marehemu waliotoka nje ya mji, wote wanawake, wamekaa kwenye mkeka wa karibu na mlango. Walipokea sahani wakasema ahsante. Wakazifunika kwa ncha za khanga zao, kama watu wanaofukuza nzi. Hakuna aliyeonja. Mtoto wa mmoja wao alipeleka mkono kwenye nyama, mama yake akaushika mkono ule akaurudisha mapajani, taratibu, bila kumgombeza.

Nikageuka kumtazama mtani. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na upawa wake, ameona. Akavuta mtandio ukashuka mpaka kwenye nyusi, ukayafunika macho nusu, akarudi kwenye moshi. Mama yule, mwenye mdomo wa kumfukuza askari, alikuwa anajificha macho katika nyumba aliyopikia mara zisizohesabika. Sahani zile zilirudi jikoni zimejaa na alizipokea mwenyewe, akazimwaga kwenye sufuria la chakula cha mbwa.

Niliifuta video nikiwa nimesimama nje ya nyumba ileile. Kisha nikatengeneza nyingine, ya maelezo. Nilieleza utani wetu, nikaeleza misafara, nikaeleza kuni na moshi. Nililia humo, na si machozi ya kuigiza. Waliotazama ni wachache, na komenti ya juu kabisa ilisema, "Ameshamloga na huyu." Nilijua kwa nini haikwenda popote. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Ndugu zangu, naomba niwaeleze kitu kuhusu mila zetu." Hata mimi ningepita na kidole changu.

Jumamosi nikawaambia wenzangu yote, pamoja na habari ya kungoja bila kuifuta video. Hakuna aliyenikatiza, na hilo lilinitisha zaidi ya kelele. Mwenyekiti akauliza, "Umefuta kwako. Kwenye simu za watu utafutia nini?" Akasema na yeye yumo, ndiye aliyetuambia turekodi. Wakakubaliana kwamba yeyote kati yetu mwenye shughuli amwite mtani, na chakula kikiiva sisi tukae na wageni tule kwanza, mbele ya macho yao, kwa mikono yetu. Huo ndio utangazaji wa Ng'ambo, na ndio pekee uliobaki. Nilisema nitakuwa wa kwanza. Dada mmoja anayeuza mikoba alinitazama akasema, "Wewe kula kwako hakusaidii. Wewe ndiye uliyesema amekuloga." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anasema ilivyo.

Mtani mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ameacha kuja. Nikasikia kwamba mwanawe wa Dar es Salaam amekiona kile kipande, amempigia mama yake na kumtaka afunge nyumba ahamie kwake, eti huku si salama tena. Mama aliyezaliwa Ng'ambo, na mama yake kazaliwa Ng'ambo, arudishwe pwani kwa maneno yangu. Na mwanawe hakukosea, hilo ndilo liliniumiza. Ningekuwa mimi ni mtoto wake ningempigia simu ileile.

Duka la samani liliniandikia asubuhi ya Jumapili, lini naanza. Sikuwajibu. Nilivaa nikaenda kwa mtani.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayafuta, napanga, kama ninavyofanya na matangazo yangu. Radhi siwezi kumwomba, sheria naijua. Ukimwomba mtani radhi umemwambia kwamba siku ile hukuwa unatania, kwamba lile neno lilikuwa lako la moyoni. Basi nikaazimia kuingia na tusi, tusi zuri, tusi la kumfanya anyanyue mwiko na kunifukuza mpaka barabarani majirani wacheke. Ningeweza kumpa hilo. Mambo mengine yote nilishayaharibu, lakini hilo lilikuwa bado liko mkononi mwangu.

Nilimkuta uani, mafiga yamepoa, anachambua mchele kwenye ungo. Aliponiona akaniwahi yeye.

"Mwangaluka, mpagazi," akanisalimia kwa Kinyamwezi. "Nani kafa huko kwenu? Mbona sura imekushuka hivyo, au mmekosa cha kubeba?"

Kisha akangoja. Zamu ilikuwa yangu.

Nikatafuta. Nimwambie nini? Kwamba amechelewa kufa, watu wamechoka kumsubiri? Wapo wanaosubiri kweli. Nimwambie aupande huo ungo aruke nao hadi kwao Uzaramo? Alikuwa ameupakata mapajani, na ndivyo walivyomwandikia, karibu kwa maneno hayohayo, na kwao Uzaramo ndiko mwanawe anakotaka kumpeleka. Kila tusi nililokuwa nalo nilikuta limeshatumiwa na mtu anayelimaanisha. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo, mama."

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. Akanitazama, macho ni yaleyale, na mara hii hakuvuta mtandio.

"Na wewe umeanza kuniogopa?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu, hapana."

"Basi nitukane."

Nikakaa chini mbele yake, palepale kwenye vumbi, nikafungua mdomo. Alinisubiri. Alinisubiri kwa upole, kichwa kakiinamisha upande, kama anavyomsubiri mtoto mwenye kigugumizi amalize neno lake. Jirani alipita na ndoo ya maji, akatusalimia, akaenda zake. Mtani akashusha macho, akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa pembeni.

"Marahaba, mwanangu," akasema.